Mhusika wa daftari au mhusika wa njiani? Namna mbili za kuishi na watu wa riwaya yako

Umefika sura ya kumi. Kwa mpango wako, Bi Mwanaidi anatakiwa amsamehe mwanawe usiku huu, alfajiri wapande basi. Umeliandika tukio hilo mara tatu, na mara zote tatu maneno yanayomtoka mdomoni si yake. Mwandishi mmoja hapo atafunga rasimu, afungue daftari la wahusika, atafute kilichokosekana. Mwingine atamwacha Bi Mwanaidi akatae kusamehe, aone riwaya inaelekea wapi. Wote wawili wanaweza kumaliza kazi nzuri. Tofauti iko kwenye malipo: wa kwanza analipa kabla, wa pili analipa baadaye, na kila njia ina mahali pake inapokwama.

Mhusika wa daftari ni yule unayemjua kabla hajaingia sura ya kwanza: kazaliwa wapi, anadaiwa na nani, anaficha nini. Mhusika wa njiani unaanza naye akiwa na jina, sauti na tatizo moja. Mengine mnajuana safarini.

Nani anaongoza

Vladimir Nabokov, mwandishi wa Lolita, katika mahojiano yaliyochapishwa mwaka 1967, alisema wahusika wake ni watumwa wa kupiga makasia melini: wanavuta anapotaka yeye. Ivan Turgenev, mwandishi Mrusi, naye alikuwa wa daftari, lakini kwa upole zaidi. Mwandishi mwenzake, Henry James, ameeleza kwamba Turgenev aliona watu kwanza kabla ya kisa, na alimwandikia kila mmoja wasifu wake, mambo yote yaliyompata hadi siku hadithi inapoanza. Hawa wawili wanaonyesha kwamba hata ndani ya daftari mna hiari: unaweza kulitumia kumfunga mhusika, au kulitumia kumsikiliza.

Upande wa pili una mashahidi wengi kuliko watu wanavyodhani. Utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka 2003 uliwahoji waandishi 50 wa hadithi za kubuni, na 46 kati yao walisema wamewahi kuona wahusika wao wakitenda kama wenye hiari yao. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Durham wa mwaka 2020, kwa waandishi 181 waliofika kwenye tamasha la vitabu la Edinburgh, ulikuta asilimia 63 husikia sauti za wahusika wao, na asilimia 61 huona wahusika wakijiamulia mambo.

Hili halihitaji jini wala pepo. Dereva mzoefu habadili gia kwa kufikiri, mkono unakwenda wenyewe. Ukiisha kuandika majibizano ya mtu mmoja mara 30, akili yako inatoa jibu lake kabla hujalitafuta, na unalisikia kama limetoka kwake. Mwandishi anayechagua njia ya pili lazima alielewe jambo hili vizuri, kwa sababu maana yake ni kwamba mhusika hawezi kukuongoza ukurasa wa tatu. Bado hamjafahamiana. Katika riwaya ya maneno 60,000, hesabu maneno 10,000 ya mwanzo kuwa ni ya kujuana, na ukubali kwamba sehemu kubwa ya hayo itafutwa. Wanaokata tamaa mapema na njia hii wengi hawakuipa hayo maneno 10,000.

Daftari linajazwa nini

Madaftari mengi hufa kwa maswali mabovu. Rangi anayoipenda, chakula anachokipenda, nyota yake: unaweza kujaza kurasa sita za namna hiyo na usipate tukio hata moja. Swali zuri ni lile ambalo jibu lake linamlazimisha mtu kufanya kitu. Anadaiwa kiasi gani na nani? Ni uongo gani anaoutunza kila siku, na nani akiujua ataumia? Akipewa shilingi 10,000 leo asubuhi, ataitumiaje hadi jioni? Anampa nani shikamoo kwa heshima, na nani anampa kwa shingo upande?

Halafu miaka. Hapa ndipo daftari linaposhinda wazi, na ndipo waandishi wengi wanapozembea. Tuseme riwaya yako inatukia Tandika, Dar es Salaam, mwaka 2010. Bi Mwanaidi ni fundi cherehani wa miaka 52 asiyejua kusoma. Toa hesabu: kazaliwa 1958. Azimio la Musoma la mwaka 1974, lililotaka elimu ya msingi kwa watoto wote, lilimkuta na miaka 16, umri wa darasa la kwanza ukiwa umempita zamani. Sawa. Lakini miaka ile ile ya sabini nchi nzima ilikuwa kwenye kisomo cha watu wazima, madarasa ya jioni yakiendeshwa mijini na vijijini. Kwa nini kisomo kilimpita? Daftari haliruhusu uruke swali hilo, na jibu lake ni hadithi tayari: labda aliolewa, mume akamkataza kutoka jioni, labda alikwenda wiki mbili, akachekwa na wifi yake, hakurudi. Ukichagua la wifi, sasa unajua kwa nini miaka 30 baadaye hawezi kukaa chumba kimoja naye. Kisa kimezaliwa kwenye hesabu ya miaka.

Kwa mhusika mkuu, kurasa nne hadi sita zinatosha. Kwa mhusika msaidizi, nusu ukurasa. Kwa kondakta anayeonekana mara moja, mstari mmoja: anachokitaka katika dakika hiyo. Ukivuka kiasi hicho, chunguza kama bado unajiandaa au umeanza kuikimbia sura ya kwanza. Daftari ni mahali pazuri sana pa kujificha. Weka mwisho: wiki tatu, kisha rasimu ianze hata kama kuna visanduku vitupu.

Kasoro ya pili ya daftari inaonekana kwenye ukurasa wa kwanza kabisa wa riwaya. Mwandishi amefanya kazi, anataka ionekane, basi anaimwaga: "Bi Mwanaidi, aliyezaliwa mwaka 1958 na kukosa elimu kutokana na mume mkali, alikuwa fundi hodari..." Siri iliyopaswa kumbeba msomaji hadi katikati ya kitabu imetumika kwenye sentensi moja. Dawa yake ni kuweka alama ya rangi kwenye kila jambo la daftari ambalo mhusika mwenyewe asingependa lijulikane, na kujikataza kulisimulia. Hilo litoke kwa tendo tu, tena akiwa amebanwa.

Njiani, mambo yanavyotokea

Mwandishi wa njiani hajui kwamba Bi Mwanaidi hajui kusoma. Anajua ni fundi, ana mjukuu aliye shule, na ada imekwama. Anaandika tukio la ada:

Mjukuu akaiweka bahasha juu ya cherehani. "Shikamoo, bibi. Imetoka shule."
"Marahaba. Hebu nisomee."
"Bibi, juu wameandika jina lako."
"Ndiyo nisomee. Miwani nimeiacha nyumbani."

Mwandishi anasimama hapo. Sentensi ya miwani haikuwa kwenye mpango. Ametumia kurasa 60 na mwanamke huyu na hajawahi kumvalisha miwani. Basi hana miwani, na hajui kusoma. Hakuna daftari ambalo lingempa mwandishi uongo mtamu na mfupi namna ile, kwa sababu uongo ule umezaliwa na joto la kubanwa na mtoto mbele ya wateja. Hii ndiyo nguvu ya njia ya pili: siri inafika kwa mwandishi kwa njia ile ile itakayomfikia msomaji, kwa kushtukia.

Sasa bili inaletwa. Katika sura ya tatu Bi Mwanaidi alisoma bei kwenye tangazo la ukutani. Katika sura ya tano ana daftari la madeni ya wateja. Na anapimaje nguo, kama tarakimu za kwenye tepu hazimwambii kitu? Kila moja ya hizo ni kosa, na kila moja lazima irekebishwe. Ila tazama marekebisho yanazaa nini. Badala ya tepu anampima kila mteja kwa uzi wake, fundo moja kwa kifua, moja kwa kiuno, moja kwa urefu, na nyuzi zote anazitunza ndani ya kopo la maziwa ya unga. Madeni nayo yamo humo humo: uzi uliofungwa kitambaa chekundu ni wa mtu asiyelipa. Sasa una kopo ambalo mtu akilimwaga kwa bahati mbaya, biashara ya miaka 20 imechanganyika sakafuni. Tukio la sura ya kumi na nne limepatikana kwenye kazi ya kuziba viraka.

Kwa hiyo ukichagua njiani, chagua pamoja na utaratibu wa marekebisho. Usirudi kurekebisha kila unapogundua jambo, maana hutamaliza rasimu kamwe. Andika kwenye karatasi ya pembeni: "Hasomi. Rekebisha s.3, s.5," kisha endelea mbele ukiandika kana kwamba imekuwa hivyo tangu mwanzo. Rasimu ikiisha, ipitie mara tatu: mara ya kwanza kwa ukweli wa mambo tu (umri, ndugu, siku, nani alikuwa wapi), mara ya pili kwa sauti za watu, mara ya tatu kwa lugha yako. Ukichanganya hizo tatu, utapamba sentensi leo na kesho utagundua tukio lote linafutwa.

Tatizo kubwa zaidi la njiani ni kinamasi cha katikati. Karibu na maneno 20,000, mhusika ameshajieleza, anaongea vizuri, anatembea, anakunywa chai, na hakuna kinachotokea. Sababu ni moja karibu kila mara: ulimpa sauti bila kumpa uhitaji. Mtu asiyehitaji kitu anazungumza tu. Rudi kwenye tukio la mwisho lililokuwa hai, mnyang'anye kitu pale (ada, chumba, mgeni aliyemtegemea), uandike upya kuanzia hapo.

Na kuna kasoro ya moyo. Aliyegundua mhusika wake polepole humpenda, na akimpenda humkinga. Mabaya yote yanaanza kutendwa na wengine, yeye anabaki safi, hadi msomaji anamchoka. Mhusika wa daftari hana hatari hiyo sana, kwa sababu dhambi zake uliziandika kabla hujamzoea.

Anapokataa

Turudi kwenye ule msamaha wa sura ya kumi. Mashabiki wa daftari husema mhusika ni wako, mlazimishe. Mashabiki wa njiani husema mfuate. Msimamo wetu ni kwamba kukataa kwake ni taarifa kuhusu kilichokosekana nyuma, na yafaa uisome kabla ya kulazimisha au kufuata.

Mara nyingi kosa liko sura mbili tatu kabla. Msamaha haujalipiwa: mwana hajatoa kitu, hajapoteza kitu, hajasema jambo ambalo mama alihitaji kulisikia. Tazama Euphrase Kezilahabi alivyolipia mabadiliko ya Rosa katika Rosa Mistika (1971). Barua ya mvulana inamletea kipigo kutoka kwa baba yake, Zakaria. Woga wa wanaume unaanzia hapo, na kuporomoka kwake baadaye, akiwa mbali na ile fimbo, hakumshangazi msomaji aliyekiona kile kipigo. Chanzo kimewekwa mapema na kwa nguvu. Mhusika wako anapogoma, tafuta kwanza kipigo chako kiko wapi. Kikiwa hakipo, kiweke, kisha ujaribu tukio tena. Akigoma na baada ya hapo, hapo sasa mfuate yeye, ubadili mpango.

Aina ya riwaya inaamua mengi

Upelelezi hauna mjadala: daftari. Katika riwaya ya mauaji kuna hadithi mbili, ile iliyotukia na ile inayochunguzwa, na ya kwanza lazima uijue yote. Mshukiwa anayejigundua njiani atakuvunjia ratiba ya saa za usiku ule, na msomaji wa upelelezi anahesabu saa. Mpelelezi mwenyewe, akiwa wa mfululizo, anahitaji daftari kuliko wote. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla alianza na Mzimu wa Watu wa Kale (1960) na akawa bado yupo katika Kosa la Bwana Msa (1984). Kwa miaka hiyo yote msomaji anarudi kukutana na mtu yule yule, na kiko chake, na rafiki yake Najum pembeni. Ukibadili tabia moja ya mtu wa namna hiyo bila sababu, wasomaji ndio wanaokukumbusha.

Hadithi ya sehemu kwa sehemu, ile inayotoka gazetini au kwenye makundi ya WhatsApp kila siku, nayo inadai daftari, kwa sababu sehemu ya 12 ikishasomwa huwezi kurudi kuifuta. Ila acha mwanya. Charles Dickens alipokuwa akitoa David Copperfield kila mwezi (1849 hadi 1850), jirani yake aliyejitambua katika mhusika Miss Mowcher alimlalamikia, na Dickens akambadilisha mhusika huyo kuwa mwema katika sehemu zilizofuata. Aliweza kwa sababu hakuwa amemfunga kabisa. Somo la pembeni, na ni zito: ukimtoa mhusika kwa mtu halisi, badili angalau kazi, mwili na mahali, siyo jina peke yake. Watu hujitambua kwa mwendo na kwa misemo yao kabla ya jina.

Riwaya ya maisha ya mtu mmoja, hasa inayosimuliwa kwa nafsi ya kwanza, inafaa njiani. Sauti ndiyo kitabu, na sauti haipatikani kwa kujaza visanduku. Riwaya ya kihistoria inakaa katikati: miaka na mazingira ya daftari, moyo wa njiani.

Riwaya ya mafumbo, ambamo jina la mtu linatangaza tabia yake, ni daftari tupu. Shaaban Robert alipomwita mtu Adili au Utubora, mhusika alikuwa ameshaamuliwa kabla hajafungua mdomo. Mbinu hiyo bado inafanya kazi, lakini wasomaji wa leo wanaifurahia zaidi jina linapogongana na matendo, kama Mtemi Nasaba Bora wa Ken Walibora katika Kidagaa Kimemwozea (2012), mnyang'anyi mwenye jina la heshima. Ukitumia majina ya kawaida, angalizo dogo la kazi: usiwe na Salma, Salama na Selemani kitabu kimoja. Macho ya msomaji hushika herufi ya kwanza na urefu wa jina, basi.

Kipimo cha sauti

Njia yoyote utakayochagua, kipimo hiki kinatumika. Chukua kurasa mbili za majibizano, futa majina ya wasemaji na maelezo yote, mpe mtu asome. Akishindwa kujua nani ni nani, wahusika wako wote ni wewe. Kasoro hii inawapata zaidi watu wa njiani, kwa kuwa sauti iliyo karibu zaidi na mwandishi ni yake.

Kiswahili kinatupa vifaa vingi vya kutenganisha watu, tusivitupe. Mmoja anaitikia "naam", mwingine "ehee", wa tatu hanyanyui hata kichwa. Mzee wa Unguja ana "yakhe" yake, kijana wa Nairobi ana Sheng yake, na mtu wa bara aliyehamia pwani anasema "nimeshakwambia" pale mwenyeji anaposema "nishakwambia". Mpe kila mhusika mkuu vitu viwili vya namna hiyo, visizidi, na uviandike popote ulipo, daftarini au kwenye ile karatasi ya pembeni. Vikizidi viwili, mtu anageuka kichekesho.

Kama bado huwezi kuchagua

Anza na bahasha. Georges Simenon, mwandishi Mbelgiji wa riwaya za upelelezi, alieleza kwamba kabla ya kuanza riwaya aliandika juu ya bahasha majina ya wahusika, umri wao na familia zao tu, matukio hakuyajua. Kisha aliandika sura moja kwa siku. Huo ni mchanganyiko mzuri kuliko wote kwa anayeanza: mambo yanayovunjika kirahisi (miaka, undugu, makazi) yamefungwa, na yale yanayohitaji joto (uongo, hasira, mapenzi) yameachwa njiani. Kwa riwaya ya maneno 60,000 ukiandika maneno 800 kwa siku, rasimu inachukua siku 75. Siku ya kwanza ijaze bahasha. Ongeza jambo moja ambalo Simenon hakulitaja: mbele ya kila jina andika anachokihitaji wiki hii, kwa maneno yasiyozidi matano. Ndicho kitakachokuvusha kinamasi cha katikati.

Baada ya sura ya tano, simama siku moja. Hamisha uliyoyagundua kwenye daftari la kweli, fanya hesabu ya miaka kama tulivyoifanya kwa Bi Mwanaidi, kisha endelea. Wengi hugundua kwamba mhusika mkuu anataka njiani na wasaidizi wake wanataka daftari, na hakuna ubaya kuwatendea tofauti ndani ya kitabu kimoja.

Limebaki suala la kuachana nao. Anthony Trollope, mwandishi Mwingereza aliyekuwa akiandika maneno 250 kila robo saa huku saa iko mezani, aliwasikia makasisi wawili kwenye klabu yake wakilalamika kwamba anawarudia wahusika wale wale. Aliwaambia anakwenda nyumbani kumuua Bi Proudie, mke mkorofi wa askofu katika riwaya zake, kabla ya wiki kuisha, na akamuua, katika The Last Chronicle of Barset (1867). Baadaye aliandika kwamba kuna wakati alijutia. Arthur Conan Doyle alimuua mpelelezi wake, Sherlock Holmes, mwaka 1893 na ilipofika 1903 alilazimika kumfufua. Kabla ya kumuua mhusika uliyemchoka, mwondoe kwa safari: mpe kazi Mtwara, mpe mgonjwa wa kuuguza kijijini. Kopo la nyuzi libaki dukani kwa mjukuu. Ukimhitaji tena, basi litamrudisha.